Mashine za Yaya Josias

Nateete, Kampala
4 Februari 2024

Papa mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na Mama. Mgongo wako unasemaje siku hizi? Na Mama, macho yameacha kumwasha? Mimi ni mzima, ila mafua ya vumbi la Nateete hayajaniacha tangu nifike, nimeshayazoea kama jirani. Msomee Mama barua hii taratibu, maana najua atataka uirudie.

Masomo yanaendelea. Mtihani wa cheti cha mitandao ya kompyuta nitaufanya mwezi wa sita, Mungu akipenda. Darasani kwetu, huku Kyambogo, watu wamegawanyika kama wa vyama viwili. Wapo wanaosema huwezi kujifunza mitandao bila mashine zenyewe, ruta na swichi za chuma, za kushika na kuchomeka nyaya. Wapo wanaosema simuleta inatosha. Simuleta ni programu tu, Papa. Inakuchorea ruta kwenye kioo cha kompyuta, unaipa amri, nayo inakujibu kama ile ya kweli.

Mimi niko chama cha simuleta. Kwanza ninayo tayari kwenye laptop. Pili, ukikosea hakuna kinachoharibika. Unafunga bila kuhifadhi, unafungua tena, na kosa halikuwahi kutokea. Kwa siku moja naweza kuua mtandao wa benki nzima mara kumi na bado nikala posho yangu, ugali wa huku, kwa amani. Mwalimu Lawrence naye anasema kwa mtihani huu inatosha kabisa. Kitu kimoja tu kinanisumbua. Msichana mmoja wa darasa letu alikwenda kuomba kazi, wakamuuliza kama amewahi kushika ruta kwa mikono yake, akasema hajawahi. Kazi hakuipata.

Mama Blandine anaondoka Jumanne baada ya kuuza vitenge vyake, ndiye atakayekuletea hii. Usimwache aondoke bila kula.

Binti yako,
Estelle


Butembo
25 Februari 2024

Mwanangu Estelle,

Tumepokea barua yako na sisi ni wazima. Mgongo ni ule ule, haujafa wala haujapona. Mama anasema mafua yako ni kwa sababu unalala dirisha wazi, na ukibisha atakuja mwenyewe kulifunga. Nimemsomea barua mara tatu.

Nimefikiri juu ya simuleta yako. Mimi ni mtu wa kahawa. Nilikuja kuwa mwenye duka la intaneti kwa sababu ya kaka yako mkubwa tu, yaya Josias, na hata leo ukiniuliza kilichokuwa kinapita ndani ya zile nyaya sijui. Kwa hiyo sistahili kusema. Lakini nasema. Josias hakujifunza kwa picha. Alikaa sakafuni pale dukani na nyaya mapajani, akaunguza waya mmoja, akakata mwingine, mteja akamtukana, akaelewa. Kosa ambalo halikuwahi kutokea, kama unavyoandika, mtu anajifunza nini kwalo?

Unajua tangu tumzike, mwaka na nusu sasa, duka halijafunguliwa. Mashine zake mbili nilizifunga kwa blanketi nikaziweka chini ya kitanda chetu. Wamekuja watu kuzitaka, nikawafukuza, na mmoja nilimfukuza vibaya. Sasa nakutumia wewe. Ruta moja, swichi moja na ule waya wa bluu, zote zimo kwenye mzigo wa Mama Blandine. Usizikatae. Mama alilia kidogo zilipotoka chumbani, kisha akasema ni vizuri ziende kwa mtu wa damu yake.

Papa yako,
Katembo


Nateete
24 Machi 2024

Papa,

Salamu kwako na kwa Mama. Mwambie Mama dirisha sasa linafungwa, ila si kwa sababu ya mafua. Ni kwa sababu ya kelele.

Zimefika salama. Mama Blandine alizificha katikati ya vitenge, akaniambia amebeba watoto wawili wa chuma na kwamba hajawahi kuchoka hivyo. Nilipoiwasha ruta, ikavuma chumba kizima. Hajati Jalia mwenye nyumba akaja mlangoni na mkono kiunoni. Unajua Wanubi wa hapa wanavyoongea Kiswahili cha Kampala. "Estere, hiyo kitu yako inapiga kerere kama mashini ya kusaga posho. Unasaga nini humo ndani?" Nikamwambia nasaga masomo. Akasema basi nisage mchana, usiku watoto walale. Tumepatana.

Papa, ulikuwa na haki na ninakubali kwa kalamu yangu, ihifadhi barua hii. Ni tofauti. Waya usipokaa sawasawa unausikia kwa kidole. Mashine inapata moto. Ruta ilidai neno la siri la yaya Josias, nami silijui, nikalipita kwa njia tuliyofundishwa, na sasa inanitii. Nafanya mazoezi kila siku nikirudi Kyambogo. Mara nyingine nakaa tu nazo bila kufanya lolote. Nyuma ya swichi kuna herufi J aliyoikwaruza kwa msumari.

Asante. Nilitaka kuzikataa, na ningekosea.

Binti yako,
Estelle


Butembo
14 Aprili 2024

Mwanangu Estelle,

Salamu zetu. Huku mvua imetukamata vizuri. Ulivyoandika habari za Hajati, Mama amecheka hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Sasa kila nikikohoa ananiuliza ninasaga nini.

Nina jambo moja la kukuomba na nimelingoja muda mrefu. Mwaka ule tulipofungua duka, Josias aliniambia, "Papa, nimeandika kitu ndani ya ruta. Mtu akiifungua kwa waya ataona maneno yangu kabla ya kitu kingine." Nikamuuliza ameandika nini. Akasema njoo nikuonyeshe. Kulikuwa na mteja amesimama, nikamwambia kesho. Ile kesho nikaisahau miaka minne, na sasa mwenyewe hayupo. Hatuna maandishi yake mengine, Estelle. Unajua alivyochukia kalamu.

Tarehe kumi na moja Agosti itakuwa miaka miwili. Tutalijengea kaburi, na fundi ameniambia anaweza kuandika maneno kwenye saruji ikiwa bado mbichi. Nataka yawe maneno yake mwenyewe, yale ya ndani ya mashine. Niandikie kama yalivyo. Kama alikosea, acha kosa lake.

Mama anauliza kila siku kama umeshayaona.

Papa yako,
Katembo


Nateete
5 Mei 2024

Papa,

Salamu kwako na kwa Mama. Mimi ni mzima.

Naandika haraka, Mama Blandine anasubiri mlangoni. Mtihani umekaribia na nina mambo mengi kichwani. Lile la maneno ya yaya Josias nimelisikia. Nitayatafuta nikipata nafasi. Zile mashine ni za zamani, si kila kitu kinaonekana kirahisi.

Mungu awalinde.

Estelle


Butembo
9 Juni 2024

Mwanangu,

Salamu. Safari hii Mama Blandine amekuja mikono mitupu. Nilimuuliza mara mbili kama hakuisahau barua kwenye gari, akanikasirikia. Unaumwa? Kama unaumwa sema. Kama ni mtihani nakuelewa, na jana Mama alikuombea misa.

Lakini barua yako ya mwisho haikuwa na utani hata mmoja na hukuandika "binti yako". Mimi ni mzee, vitu kama hivyo naviona. Kama nimekuudhi kwa kukusumbua, nisamehe. Ni kwamba fundi anataka maneno kabla ya Agosti ili apime nafasi. Nimemwambia binti yangu ndiye aliye na mashine, anajua kuzifungua, atayaleta. Nimewaambia hata watu wa parokia. Pengine nimesema mno.

Papa yako,
Katembo


Nateete
30 Juni 2024

Papa na Mama,

Salamu nyingi. Msinihangaikie, siumwi. Nimefaulu mtihani. Mwalimu Lawrence alitangaza mbele ya darasa, nami nikatazama chini kama mtu aliyeshikwa na kosa. Misa ya Mama imefika.

Maneno ya yaya Josias ni haya:

Kazi hii nimeifanya mimi Josias kwa ajili ya Papa na Mama. Anayekuja baada yangu asiiache izimike.

Ni hayo tu, Papa.

Binti yako,
Estelle


Butembo
18 Agosti 2024

Mwanangu, mwanangu,

Salamu za sisi wote, hata za majirani. Huwezi kujua ulichotufanyia.

Nilipomsomea Mama alikaa chini pale pale, na sufuria mkononi. Akaniambia, "Ametutaja." Nikasema ndiyo, ametutaja sote wawili. Akaomba nisome tena, nikasoma hadi sauti ikanikauka.

Tarehe kumi na moja ilikuwa Jumapili, walikuja watu wengi. Fundi aliandika herufi moja moja kwa ncha ya msumari wa inchi sita, saruji ikiwa bado laini, na hakukosea hata moja. Padre akayasoma kwa sauti. Akasema kijana mwenye miaka ishirini na sita aliyeacha maneno kama hayo hakuishi bure. Tangu mwanangu afe sikuwahi kusikia mtu akisema jambo lenye kunisaidia, siku hiyo nililisikia.

Mama amerudi sokoni kuuza majani ya sombe. Miaka miwili alikuwa hatoki nje ya uwanja wa nyumba. Juzi nilimsikia akiimba jikoni, nikasimama nje ili asinione.

Cheti chako kikija, nionyeshe. Nitakitundika pale dukani, hata kama limefungwa.

Papa yako mwenye furaha,
Katembo


Nateete
3 Novemba 2024

Papa,

Nimeandika kwenye bahasha "Papa, soma peke yako", na nimemwapisha Mama Blandine akupe mkononi. Kama Mama yuko karibu, tafadhali toka nje kwanza.

Nawasalimu. Sina haki ya kuuliza habari za afya kwa miezi minne ya kunyamaza, lakini naziuliza.

Papa, yale maneno hayakuwa ya yaya Josias. Niliyaandika mimi.

Jioni ile mashine zilipofika, niliwasha ruta nikachomeka waya wa bluu. Kwenye kioo cha laptop kukatokea mstari wa nyota, halafu maneno, mistari minne au mitano, halafu nyota tena, na chini yake ikadai neno la siri. Niliyaona, Papa. Sikuyasoma. Kwenye simuleta kila siku tunaandika maonyo ya namna ile, usiingie hapa, huna ruhusa, na jicho langu limezoea kuyaruka. Nikazima, nikawasha, nikalipita neno la siri. Kisha nikaandika amri ya kufuta kila kitu, kwa sababu mwanafunzi huanza na mashine tupu. Mashine ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza. Kwenye simuleta nayo huwa inauliza hivyo hivyo, na sijawahi kujibu hapana.

Ulipoyaomba, zilikuwa zimepita wiki kadhaa. Niliibeba ruta hadi Kyambogo kwa Mwalimu Lawrence. Akaijaribu kwa kila njia, akaniuliza kama kuna nakala mahali pengine. Nikamwambia hakuna. Akasema basi hakuna. Hakujua kwa nini nalia, akadhani naogopa mtihani.

Ningekuambia mwezi wa tano. Nilikaa na karatasi na sikuweza. Halafu ukaandika kwamba umewaambia watu wa parokia, na kwamba Mama anauliza kila siku. Nikakaa kwenye meza ya Hajati na kikombe cha chai nikayatunga. Nilibadilisha neno moja mara mbili. Nilikumbuka namna yaya alivyokuwa anaongea, nikaiga. Ndiyo maana yanafanana naye, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Nilifikiri ni maneno tu, yatawapa faraja, yatapita. Sikufikiri juu ya saruji ikikauka. Barua yako ya Agosti nimeisoma mara moja tu, siwezi kuifungua tena.

Nimepata kazi kwenye kampuni moja ya mitandao. Waliniuliza kama nimewahi kushika mashine za kweli. Nikasema ndiyo. Wakauliza zilinifundisha nini. Nilisema kitu, sikumbuki ni nini, wakaridhika. Sasa kila siku kazini mashine inaniuliza kama nina hakika, na mkono wangu unasimama. Wenzangu wananitania kwamba ninafanya kazi pole pole.

Lile alilokuwa ameandika sitalijua, na wewe hutalijua. Nimekunyima mara ya pili ile kesho yako. Sikuombi unisamehe upesi. Fanya kwenye kaburi unavyoona. Ukitaka nije nimwambie Mama mimi mwenyewe, nitakuja wiki hiyo hiyo.

Binti yako, kama bado unaniita hivyo,
Estelle


Butembo
1 Desemba 2024

Estelle,

Barua nimeipata kwa mkono wa Mama Blandine. Nilitoka nje kama ulivyosema. Sisi ni wazima.

Siku tano sikuweza kuandika. Nilikuwa na hasira na wewe, na nilikuita majina ambayo nashukuru hukuwa karibu kuyasikia. Si kwa kufuta. Kufuta ni mkono wako tu uliozoea vibaya. Ni kwa kuniacha nisimame mbele ya watu wote wale nikisema mwanangu ameandika, mwanangu ameandika.

Lakini na mimi niseme langu. Nilipoyasoma mara ya kwanza, kitu hakikukaa sawa. Josias hakuwa mtu wa kusema maneno mazito. Josias angeandika mzaha, angemwambia anayefungua mashine anawe mikono kwanza. Nililiona hilo, nikalisukuma pembeni, kwa sababu nilitaka kutajwa. Na yule aliyesema kesho ni mimi, si wewe. Mteja mwenyewe alikuja kutuma barua pepe moja fupi tu.

Siku ya sita nilichukua nyundo na tindo la fundi nikaenda makaburini. Ilikuwa Jumanne, nilijua sitakuta mtu. Nilimkuta Mama yako. Alikuwa amepiga magoti na brashi ya kufulia, anasugua udongo kwenye herufi. Kumbe huenda Jumanne pia, na Alhamisi, anapotoka sokoni, na hajawahi kuniambia. Nikaficha nyundo nyuma ya mgongo kama mwizi wa kuku.

Hakuniuliza nimefuata nini. Aliniambia, "Tazama, nimejua kusoma." Nikacheka. Akaweka kidole chake kwenye neno la mwisho la mstari wa kwanza, akafuata herufi moja baada ya nyingine, M, A, M, A, polepole, akalitamka. Ana miaka sitini na tatu na ni neno la kwanza alilosoma maishani mwake. Mtoto wa jirani alimfundisha herufi hizo mbili kwa kuchora chini, yeye akaja kuzitafuta hapo, akazipata.

Kisha akasema, "Yanayobaki nisomee wewe."

Kwa hiyo usije kumwambia. Njoo kwa Noeli kama mtu anavyokuja kwao, ule, ulale, umsikilize akisoma neno lake, na usilie mbele yake. Hasira yangu haijaisha, nitakuwa nayo utakapofika, lakini kitanda chako kimetandikwa. Tuko wawili tunaojua, na itabaki hivyo hadi mmoja wetu afe, kisha abaki mmoja.

Nyundo nimemrudishia fundi. Kila Jumapili tunaenda pamoja, Mama anasoma lake, nami namsomea yaliyobaki, kwa sauti, kuanzia neno la kwanza.

Papa yako,
Katembo